KODI KABLA YA MAVUNO



Sisi wa reli hapa Eldoret hukatwa kodi kila mwezi, mshahara ukiwa umekwisha patikana. Lakini wenzetu waliostaafu na sasa wanalima mahindi Uasin Gishu hudaiwa kodi ya mapato ambayo hawajayashika.

Sheria yamtaka mfanya biashara alipe mafungu manne: tarehe 20 Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Mkulima hulipa mawili: robo tatu tarehe 20 Septemba, robo iliyobaki tarehe 20 Desemba. Ambaye kodi yake ya mwaka haizidi shilingi 40,000 halipi mbele.

Hatukatai kodi, shule na barabara hazijengwi kwa maneno. Lakini mahindi yetu huvunwa kuanzia Oktoba. Mwezi wa Septemba yangali shambani, na deni la mbolea lingalipo. Mkulima auze nini? Ng'ombe wa maziwa?

Twataka chama chetu kiiambie Serikali: fungu dogo liwe Septemba, kubwa liwe Desemba. Na mvua ikikosa, kumbukeni kwamba sheria yaruhusu kukadiria mapato ya mwaka huo. Si lazima kufuata hesabu ya mwaka uliopita.

Umoja ni nguvu.