Kidole Gumba Kwenye Tangazo

Tangazo la kikao linachapwa kwenye kompyuta, linatolewa karatasi, linasainiwa, linagongwa muhuri. Kisha karani analilaza mezani na kulipiga picha kwa simu, kidole gumba chake kimeingia pembeni. Picha hiyo ndiyo inayorushwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Haya, wote tumeshaambiwa.

Wote? Mwenzetu wa dawati la tatu haoni. Anafanya kazi kwa NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. Aliianzisha Michael Curran, Mwaustralia ambaye naye haoni, mwaka 2006. Kiswahili cha programu hiyo ni cha mtu aliyebanwa pua, lakini mwenzetu anaisikiliza kwa kasi ambayo mimi mwenye macho yangu mawili siifikii kwa kusoma. Ikikutana na picha ya karani, inamwambia kuna picha. Basi.

"Si aombe asomewe," aliniambia mtu mwenye cheo chake. Asomewe na nani? Barua ya onyo, barua ya kupandishwa daraja, makato ya mkopo, yote yapite kwanza mdomoni mwa jirani? Wewe bosi, ungekubali hati yako ya mshahara isomwe kwa sauti na kijana wa masjala?

Na msiniletee habari za bajeti. Faili lenyewe limelala kwenye kompyuta ya karani tangu asubuhi. Kuliambatisha ni kazi ndogo kuliko kutafuta mwanga wa kupigia picha.

Kinachonichoma zaidi ni siku za wageni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Wageni wakifika, mwenzetu huitwa mbele, ofisi ikasifiwa, makofi yakapigwa. Kiti mmempa, habari mnamnyima!

Viziwi nao wana yao. Wanarushiwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, na kikaoni mwenyekiti anaongea huku kageukia ubao, hata midomo yake haisomeki. Ukitaja mkalimani unaonekana mchokozi. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010 imeiweka Lugha ya Alama miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Sisi kikao cha watu 11 kinatushinda.

Wiki iliyopita nilianza kuchapa chini ya kila picha maneno yake yote, hadi nakala kwa nani. Siku ya tatu katibu muhtasi akanifuata pembeni: "Kaka, unatujazia grupu."

Nikamwomba faili. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti.