Kutoka Kipande Hadi Mboni ya Jicho

Wazee wetu wengi hata leo hawasemi kitambulisho, husema kipande. Neno hilo lina kisa chake. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutumika kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, nao wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Aliyemtoroka mwajiri alisakwa kwa karatasi hiyo hiyo. Mwaka 1947 ikatungwa sheria ya watu wa rangi zote. Wazungu walipotakiwa nao watie vidole, walipiga makelele kwamba wanavunjiwa heshima. Ajabu ni kwamba heshima hiyo hawakuiona ikivunjika miaka yote ile vidole vilipokuwa vya wengine!

Basi mwenye kudhani kwamba mabishano ya siku hizi juu ya kompyuta na mwili wa binadamu ni mambo ya kigeni, na akumbuke kikebe kile.

Mwishoni mwa 2018 sheria ya uandikishaji ilirekebishwa na kuundwa daftari moja la kompyuta, ndilo lililozaa Huduma Namba. Sheria hiyo ilitaja alama za vidole, umbo la mkono na la sikio, mboni ya jicho, sauti, na hata vinasaba, yaani DNA. Hapa kwenye vinasaba ndipo yafaa tutue kidogo. Kidole ni cha mtu mmoja. Vinasaba ni vya ukoo mzima. Anayetoa mate yake yapimwe ametoa pia habari za baba yake, ndugu zake na watoto ambao hawajazaliwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa. Habari hizo zaweza kueleza maradhi yanayorithiwa. Zaweza pia kueleza nani mtoto wa nani. Sisi tunaojua uzito wa nasaba, na sitara ambayo jamaa huwekeana, hatuhitaji mwanasheria atufafanulie hatari ya siri kama hizo kukaa katika mashine ambayo karani asiyejulikana aweza kuifungua.

Walioipeleka serikali mahakamani ni Wanubi, pamoja na watetezi wa haki za binadamu. Wanubi ni Waislamu wenzetu ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kuwa askari, na ambao kwa miaka mingi wamehojiwa na kuhojiwa tena kabla ya kupewa kitambulisho. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataza kukusanywa kwa DNA, na pia kuandikwa kwa setilaiti mahali hasa mtu anapokaa. Daftari lenyewe hawakulivunja, ila walitaka kwanza liwekewe kanuni madhubuti. Serikali ilikwenda mbio na kadi, na Oktoba 2021 mahakama ikasema utoaji huo haukuwa halali, kwa kuwa hatari zake hazikupimwa kwanza kama inavyotaka sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu.

Lakini si serikali pekee inayoutaka mwili. Julai 2023 kampuni ya Worldcoin ilikuwa ikipiga picha mboni za macho hapa Kenya, na kumlipa kila mtu sarafu za kompyuta zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Vijana walijaa Nairobi kama watu wanaogawiwa chakula cha msaada. Serikali iliisimamisha shughuli hiyo mwezi uliofuata, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo zifutwe, kwani ridhaa iliyovutwa kwa pesa si ridhaa.

Wapo wanaosema kijana alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Ni kweli. Lakini mwenye njaa hukubali mengi, na kufuli likiibiwa ufunguo hununuliwa jingine, ilhali jicho halina badala.

Waulizeni Wasomali wa Garissa. Miaka ya ukame, Wakenya wengi wa huko walijiandikisha katika kambi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu, na vidole vyao vikaingia katika kompyuta ya wakimbizi. Wengi wakati huo walikuwa watoto, waliopelekwa na mama zao. Walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha nchi yao, kompyuta ilijibu kwamba hawa ni wakimbizi. Baba ana kitambulisho, babu alikuwa na kipande, na kidole alichokileta kijana kujithibitisha ndicho kilichomfukuza dirishani.