Kufuli Huuzwa kwa Mwenye Amana

Wako wafanyabiashara wanaoshikilia kwamba programu ya kushirikiana kazi kwa njia ya intaneti, iliyotengenezwa kwa ulinzi mkali, yafaa kuuzwa kwa kila mtu. Dai hilo ni la kupotosha, nalo halina budi kupingwa.

Mtu wa kawaida hupewa programu za namna hiyo bure, akazilipa kwa habari zake mwenyewe pasipo kujua. Huyo hatanunua kufuli la chuma kwa ajili ya mlango asiouona. Mnunuzi wa haki ni yule aliyekabidhiwa siri za wengine, ambaye zikivuja ataulizwa na sheria: ofisi ya serikali, mahakama, hospitali, jeshi.

Ushahidi upo. Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua upelelezi wa Marekani katika mawasiliano ya dunia, na serikali za Ulaya zikazinduka. Mwaka 2018 kituo cha kompyuta cha serikali kuu ya Ujerumani kiliichagua Nextcloud, programu iwezayo kukaa katika mitambo ya mwenyewe. Mwaka 2019 Ufaransa ilianzisha Tchap, chombo cha mawasiliano kilichotengenezwa kwa ajili ya watumishi wa umma. Hao ndio waliolihitaji kufuli.

Basi muuzaji aache kupiga kelele sokoni, akabishe hodi penye amana. Na mtumishi anayetuma faili la mgonjwa au alama za mwanafunzi kwa chombo cha bure, atambue kwamba anachogawa si mali yake.