CHETI CHA KAZI SI SADAKA YA TAJIRI



Wiki haipiti bila ya mtu kuingia ofisini kwetu, kofia mkononi, na kusema maneno haya: "Bwana Katibu, nimeachishwa kazi, lakini sitaki maneno na mkubwa, asije akaninyima barua." Hapo ndipo tajiri anapotushika. Notisi ya mtu huyo imeliwa, siku zake za likizo zimeliwa, naye yuko kimya. Hakunyamaza kwa kuwa ameridhika. Amenyamaza kwa ajili ya karatasi moja. Leo twataka kusema juu ya karatasi hiyo, na hatutawabembeleza matajiri wala wanachama wetu wenyewe, maana makosa yako pande zote mbili.

Jueni kwanza ya kwamba karatasi ni mbili, si moja.

Kuna cheti cha utumishi. Hiki ni haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yasema mwajiri atampa mfanyakazi cheti kazi inapokwisha, isipokuwa kwa mtu ambaye hakutimiza majuma 4 mfululizo. Ndani yake huandikwa jina la mwajiri na anwani yake, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali pake, na siku uliyoacha. Si pahali pa kuandika kwamba wewe ni mkaidi au kwamba ulikuwa mtu wa chama. Umefukuzwa, umepunguzwa, umeondoka kwa hiari yako, cheti ni chako. Mwajiri akikataa kukitoa kwa kusudi au kwa uzembe, au akitia ndani yake neno analojua ni uongo, amevunja sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Halafu kuna barua ya sifa, ile inayosema fulani ni mwaminifu, ni hodari, hanywi, hachelewi. Hiyo si haki. Kifungu hicho hicho chasema mwajiri halazimiki kuitoa. Akipenda ataandika, asipopenda atanyamaza. Twasema hivi wazi kwa sababu wako wanachama wanaotaka chama kimshtaki tajiri kwa kuwa hakuwasifu. Hatuwezi, na tusidanganyane.

Sasa tazameni ujanja wao. Tajiri huzifunga karatasi hizi mbili pamoja, ya haki na ya hisani, halafu akakuuzia mzigo mzima. Na bei yake si ndogo.

Yuko mwenzetu mmoja aliyekuwa akiendesha mashine ya kufungia bidhaa katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, Nairobi. Amekaa hapo miaka 11. Ikaja mashine mpya, watu wakawa wengi kuliko kazi. Kwa sheria, mtu akipunguzwa namna hiyo hulipwa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza, mbali na notisi na likizo. Pigeni hesabu wenyewe: siku 165 za mshahara. Meneja akamwita peke yake, akafunga mlango, akamwambia kwa sauti ya upole: "Mimi sitaki kukuharibia. Andika barua kwamba umeacha kazi mwenyewe, nami nitakupa barua nzuri, utapata kazi popote." Kalamu ilikuwa tayari mezani. Mwenzetu akawafikiria watoto, akaifikiria kodi ya nyumba, akaandika.

Barua nzuri aliipata. Ilikuwa mistari mitatu. Baada ya miezi miwili akapata kampuni iliyomtaka, wakapiga simu kwa tajiri wa zamani kuuliza habari zake. Wakajibiwa: "Huyo? Aliacha ghafula mwenyewe, hata hatujui kwa nini." Kazi hakuipata. Siku 165 zilikuwa zimekwenda, na barua aliyozinunulia haikumfaa kitu. Chama chaweza kusema kwamba alilazimishwa, na tumesema, lakini ni taabu kubwa kuthibitisha maneno ya watu wawili waliofungiana mlango, tena mkono ulioandika ni wa kwake mwenyewe.

Wazee wetu waliijua karatasi ya namna hii. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume mzima alivaa kijaluba cha chuma shingoni, na ndani kipande kikasema alifanya kazi kwa nani, kwa mshahara gani, aliajiriwa lini na aliachiliwa lini. Bwana asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo alihesabiwa kuwa mtoro. Harry Thuku na wenzake walikipigia kelele mwaka 1921, na alipokamatwa mwaka 1922 watu walipigwa risasi mjini Nairobi. Kipande hicho cha Waafrika peke yao kiliondolewa miaka ya mwisho ya 1940. Lakini mtu anayeacha mshahara wa siku 165 kwa kuogopa sahihi ya meneja, je, kijaluba chake kiko wapi?

Haya, matajiri tumewasema. Sasa sisi.

Wako ndugu zetu wanaokwenda River Road na kurudi na barua yenye muhuri wa kampuni ambayo hawajaikanyaga mlango wake. Wengine huandika namba ya simu ya shemeji yao na kumfanya "meneja wa zamani". Shemeji apigiwa simu akiwa ndani ya matatu, makelele tele, aulizwa huyu alifanya kazi gani, ajibu kazi nyingine kabisa! Mnacheka, lakini chama hakicheki. Ukiingia kazini kwa barua ya uongo, umempa tajiri kisu cha kukuchinjia siku yoyote atakayopenda. Siku utakapodai malipo ya saa za ziada ndiyo siku atakayoifunua faili yako. Nasi tutakutetea kwa neno gani?

Wengine hawasemi uongo, ila ni wavivu. Miaka kumi kazini, na hawana barua ya kuajiriwa, hawana hati za mshahara, hawana kitu. Kiwanda chafungwa, tajiri atoweka, nao wabaki wakiapa kwa midomo mitupu kwamba walifanya kazi. Weka karatasi zako, ndugu, na nakala zake uziweke nyumba nyingine. Nenda NSSF uchukue taarifa ya michango yako, kwa maana yaonyesha ni nani aliyekuwa akikukatia, na hiyo si barua ya kuombwa kwa magoti. Mwajiri naye amewajibika kuyaweka maandishi ya masharti ya kazi yako kwa miaka 5 baada ya wewe kuondoka. Asikwambie mwezi wa pili tu kwamba faili imeliwa na panya.

Na mtu wa kukushuhudia usimchague kwa ukubwa wa meza yake. Mkurugenzi hakujui, msimamizi aliyekuona usiku ule mashine ilipokwama ndiye ajuaye mikono yako. Mwombe uso kwa uso kabla hujaliandika jina lake. Mwambie ni kazi gani unayoitafuta, ili simu ikilia asishtuke. Akikaribia kustaafu au kuhamia kwingine, mwombe akuandikie sasa, wakati bado ana kumbukumbu. Akisitasita, mwache, tafuta mwingine. Ushahidi wa mtu aliyelazimishwa ni mbaya kuliko kutokuwa na shahidi.

Juu ya simu za siri kati ya mameneja, jambo hili ni la zamani na halitakwisha kesho. Watu walinyimwa kazi mji mzima kwa sababu waliongoza mgomo, na hakuna karatasi iliyoonekana. Lakini leo hatuko mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuwa katika chama na haki ya kugoma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yakupa haki ya kutaka kujua habari zako anazoziweka mwajiri, na kutaka za uongo zisahihishwe. Andika barua, usiulize kwa mdomo. Mpelekee kwa mkono mbele ya shahidi, na nakala yako igongwe muhuri.

Kina mama na kina baba wa kazi za nyumbani nao wasikie: sheria haikuwaacha nje. Bibi wa nyumba akihamia ng'ambo, usikubali kuachiwa blanketi kuukuu na kwaheri. Cheti kwanza, kabla masanduku hayajafungwa. Na vibarua wanaosimamishwa kila wanapokaribia majuma 4, halafu wakaitwa tena Jumatatu, wawe wanaandika tarehe zao kwenye daftari, kila siku, hata kwa penseli. Hao tutawaandikia habari yao peke yake katika toleo lingine, kwa kuwa ujanja wanaofanyiwa ni mwingi kuliko ukurasa huu.

Ukiitwa kwenye kikao cha kuachishwa kwa makosa, usiingie peke yako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chakuruhusu kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama kiwandani. Yatakayoandikwa siku hiyo ndiyo yatakayosomwa na karani yule atakayepigiwa simu mwaka ujao. Na ukipewa karatasi ya kutia sahihi papo hapo, iwe ni ya kuacha kazi au ya kusema huna dai lolote, sema: "Nitaisoma nyumbani." Kisha uilete hapa. Ofisi yafunguliwa saa mbili asubuhi, na Jumamosi mpaka saa sita. Lakini uilete kabla hujatia sahihi.