Mbachao na Msala Upitao

Nilipohamia Tassia mwaka 2007, kabla sijajua duka la unga wala kituo cha matatu, nilimjua daktari. Kitinda mimba wangu alikuwa amepandwa na homa usiku, na jirani wa ghorofa ya chini akanielekeza kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la mbao, penye benchi moja na pazia la kijani. Tangu usiku ule hadi 2025 sikuwa na tabibu mwingine. Yeye ni mtu wa bara, Mkristo, amenipita umri kidogo, na huniita Maalim, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba chuoni sikupata kusomesha; nilisoma nikahitimu, na bakora nikazila.

Nayaeleza haya kwa sababu kwa miezi kadhaa nilikuwa na suali ambalo nadhani wasomaji wengi wamewahi kuwa nalo wakalinyamazia. Je, ni halali mtu kumwacha daktari aliyemtibu miaka 18 akaenda kwa mwingine? Halali ya sheria haina shaka. Ninayoiuliza ni ile ya moyo.

Wazee wetu hawakuwa na suali hili. Kule Mombasa, mamangu aliamka alfajiri akachukua chupa yake tupu, akaenda zahanati, na yeyote aliyekuwa dirishani siku ile ndiye aliyekuwa daktari. Chupa ilirudi na maji mekundu, nasi tukanywa tukapona au tukapoa wenyewe. Hiyo ni kabla ya Serikali kuleta ada za matibabu, Desemba 1989. Kuchagua daktari ni jambo la juzi, na adabu zake bado hatujazitunga.

Nilipolileta suali hili barzani baada ya Magharibi, mmoja alinijibu papo hapo: usiache mbachao kwa msala upitao. Wa pili akaniambia zimwi likujualo halikuli likakwisha, nikaudhika kidogo, maana daktari wangu si zimwi. Wa tatu akasema, "Ami, nenda kwa yule binti mpya. Ni mwenzetu, Muislamu, atajua mambo ya saumu."

Kauli hii ya mwisho ndiyo iliyonikera zaidi, kwani inasemwa sana na haina uzito. Yule mzee wa bara nimefunga naye Ramadhani 18. Mwaka wa kwanza nilimfahamisha daku ni nini na futari ni nini, akaandika kwenye kitabu chake, na tangu hapo kila Shaaban alinipigia simu mwenyewe kuniuliza tutapangaje vidonge. Nimewahi kutibiwa na madaktari wa majina kama yangu ambao hawakuniuliza hata kama nafunga.

Na kuna jambo jingine ambalo mshairi hawezi kulidharau. Yule bwana alijifunza maneno yangu. Sisi watu wa pwani tuna namna zetu za kuugua. Tunasema chango, tunasema baridi yabisi, tunasema mshipa, tunasema mwili hauna raha, na katika kila neno pana maana ambayo daktari wa kuharakisha ataipita. Nikimwambia mwili hauna raha, hakuniandikia dawa ya maumivu, alinipima sukari. Wakati wa kafyu ya 2020 alinifungulia mlango usiku. Madaktari wa Serikali walipogoma siku 100 hadi Machi 2017, na tena siku 56 mwaka 2024, pazia la kijani lilikuwa wazi.

Sasa msomaji atauliza, basi kilichokusumbua ni nini?

Kwanza ni fedha, nami sioni haya kulisema. Bima ya zamani ya NHIF, iliyokuwako tangu 1966, ilifika mwisho, na tangu Oktoba 1, 2024, tuko chini ya SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, asilipe chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Chini ya mpango huu, matibabu ya awali katika zahanati na vituo vya afya vyenye mkataba ni ya bure kwa aliyejiandikisha. Daktari wangu hana mkataba huo, na zahanati mpya iliyofunguliwa mitaa miwili kutoka kwetu inao. Kwa mtu anunuaye dawa ya sukari kila mwezi, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo sikwenda kule kwa sababu ya fedha. Nilikwenda kumsindikiza mama watoto, na yule daktari kijana, alipokwisha naye, akanitazama akasema, "Na wewe, baba, una nini?" Nikamwambia nina sukari. Akasema, "Vua viatu."

Msomaji, kwa miaka 18 hakuna aliyewahi kuzitazama nyayo zangu, ila yule asaliye safu ya nyuma yangu. Akachukua kijiti chenye uzi mgumu, mfano wa mshipi wa kuvulia samaki, akanigusagusa nao huku nimefumba macho, nimwambie kila ninapohisi. Kidole gumba cha mguu wa kushoto sikuhisi chochote. Mtu wa namna hiyo hukanyaga msumari asijue, na kidonda kikaoza ndani ya kiatu. Kisha akanitoa damu kwa kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, si ya asubuhi ile tu. Ikawa asilimia 9.4, ilhali wengi wetu hutakiwa tuwe chini ya 7 hivi. Mkojo nao ulikuwa na dalili ya kwanza ya figo kuchoka.

Vipimo hivi si uchawi wala si vya Ulaya peke yake. Mwenye kisukari hutakiwa avipate walau mara moja kwa mwaka, na macho pia. Daktari wangu alikuwa akinidunga kidole, akasema tuko sawa, tukazungumza habari za siasa.

Hapo nilifanya upumbavu, na naueleza ili mwingine asiurudie. Sikutaka kumuudhi mzee, wala sikutaka kukataa ya binti, basi nikawa na madaktari wawili, na kila mmoja hana habari ya mwenziwe. Mzee alikuwa akinipa glibenklamaidi. Binti akaniandikia gliklazaidi. Kwangu mimi majina mawili ni dawa mbili. Kumbe ni ndugu, zote kazi yake ni kuiamrisha kongosho imwage insulini. Siku ya nne, nikitoka kituoni kwenye barabara ya Outer Ring, jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, na ngazi za nyumbani nikazipanda kwa kushikwa. Mama watoto akaninywesha chai yenye sukari ya kutosha harusi. Nilipopata fahamu zangu aliniambia neno moja tu: "Chagua."

Nikakaa kuchagua. Nilisoma kwamba Norway, tangu 2001, kila mkaazi huwekewa daktari wake kwa jina, na watafiti waliochungua rekodi za watu wapatao milioni 4.5 waliona kuwa waliodumu na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa na wa kufariki, kwa kiasi cha robo, kuliko waliokaa naye mwaka mmoja. Nikafurahi, mbachao umeshinda. Kisha nikakuta kwamba mwaka 2005 jarida la madaktari wa Marekani, Annals of Internal Medicine, lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi yaliyoonyesha kuwa aghalabu daktari akikaa kazini miaka mingi huachwa nyuma na maarifa mapya. Basi wote wawili, barza na binti, wana hoja.

Methali ya mbachao ni ya kweli, lakini inamhusu aachaye kilicho chake kwa kitu cha kupita. Yule binti si msala upitao. Nilitazama ukutani pake nikaona leseni ya mwaka ule ya Baraza la Madaktari, na hilo nawahimiza nyote mlitazame, kwani huku Eastlands kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, awe ni daktari, afisa wa kliniki au muuza dawa. Na mbachao nao, ukiliwa na mchwa, hausaliwi kwa kuwa ni wa zamani. Mguu ni wangu. Nimeamua kwenda kwa binti.

Lakini sikukubali kuhama kimyakimya, kama tufanyavyo tukihama na deni la duka. Nilikwenda kwa mzee mchana, nikakaa kwenye benchi mpaka zamu yangu, nikamwambia yote, pamoja na uzi na kidole na dawa mbili. Sheria ya 2019 ya kulinda data inanipa haki ya kuomba rekodi zangu, lakini sikuitaja. Alinyamaza kitambo. Akaniuliza ile gliklazaidi ni miligramu ngapi. Kisha akasema, "Maalim, miguu ningeitazama," akavuta karatasi.

Aliandika kurasa mbili kwa mkono. Presha tangu 2011, dawa iliyonipa kikohozi, mwaka niliolazwa, Ramadhani tulizopanga vidonge na ile moja tuliyokosea. Chini kabisa akaongeza: akikwambia mwili hauna raha, mpime sukari kwanza.

Binti aliisoma yote mbele yangu. Kompyuta yake haikuwa na mahali pa kuiweka, basi akaikunja akaitia mtobani mwa meza, akaniambia nivue viatu.