Kitabu mkononi: vita ya siku sita ndani ya romani



Majuma matatu yaliyopita tuliwaomba mtuambie ni romani gani ya mambo ya zamani mmesoma karibuni, na mmeionaje. Tulitazamia majibu matatu au manne. Yamefika kumi na moja. Mengine yako kwenye karatasi iliyochanwa katika kaye ya mtoto, mengine ni sauti za WhatsApp (moja ina dakika tisa, na nyuma yake mtu anapepea mbabula), na mengine tuliambiwa kwa mdomo tukitoka kwenye kikao cha likelemba. Majina hatuandiki, ndiyo desturi ya ukurasa huu.

Mama mmoja ambaye kaka yake anaendesha lori mpaka Dar es Salaam ameletewa Kuli, ya Adam Shafi wa Zanzibar. Ni kitabu cha mwaka 1979 juu ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Anasema Kiswahili chake ni cha kupanda mlima, maneno mengine aliyaruka, lakini alipofika kwenye mizigo, mgongo unaouma na mshahara usiofika mwisho wa mwezi, alisahau kama ni habari ya bahari. Aliona kambi ya Union Minière, kama babu yake alivyokuwa akiisimulia. Kwetu pia kulikuwa na mgomo, Desemba 1941, na askari wakawapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika uwanjani Élisabethville. Anauliza romani ya mgomo huo iko wapi. Sisi hatujaiona. Mwenye kuijua atuletee.

Wasichana wawili wamesoma La danse du vilain ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, ya mwaka 2020. Ni miaka ya mwisho ya Mobutu, na watu wanakwenda Angola kutafuta almasi. Mmoja alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwingine anasema ndani yake kuna kelele nyingi mno. Wote wawili wana haki, na tusonge mbele, kwa sababu majibu saba kati ya kumi na moja yanasema juu ya kitabu kimoja.

Kitabu hicho ni Shaba deux, cha V.Y. Mudimbe. Wengi mnakijua kwa sura: ni kile kimoja tulicho nacho, kilichotoka Lubumbashi ndani ya mfuko wa vitenge, mgongo wake umefungwa kwa skochi. Tunakisoma kila siku ya nne saa kumi. Mmoja anasoma Kifaransa kwa sauti, mwingine anageuza kwa Kiswahili, na waliobaki wanachambua sombe au wananyonyesha.

Kwa wasiohudhuria: Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, wakati mji ukiitwa bado Jadotville. Katika ujana wake alikaa kwa watawa Wabenedikto, kisha akaacha, akasoma, akafundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, na mwishoni akahamia Marekani. Alifariki huko mwezi wa Aprili 2025. Shaba deux kilitolewa Paris mwaka 1989. Kimeandikwa kama kaye za masere mmoja mweusi, Mère Marie-Gertrude, aliyekuwa katika nyumba ya watawa hapa Kolwezi wakati wa vita ya 1978, na aliyekabidhiwa nyumba hiyo katikati ya vita. Mwisho wake hatuusemi. Kuna watu ambao hawajafika, na mmoja ametuonya kwa ukali.

Vita yenyewe vijana wanaijua kwa jina tu. Katanga wakati ule iliitwa Shaba. Mwaka 1977 askari wa FNLC, wale watu waliowaita Tigre, wengi wao watoto wa waliokuwa jandarma wa Katanga au jandarma wenyewe, waliingia kutoka Angola: ndiyo vita ya siku 80. Mwaka uliofuata walirudi kwa njia ya Zambia, na siku ya posho, tarehe 13 Mei 1978, walishika Kolwezi. Tarehe 19 Mei, siku ya tano, askari wa Légion ya Ufaransa waliruka kwa parashiti juu ya mji, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Hiyo ndiyo vita ya siku sita. Sisi tunaoandika hapa tulizaliwa miaka mingi baadaye. Shuleni tulipewa mistari minne juu yake, tukaikariri, tukaisahau.

Sasa maoni.

Mama mmoja wa Kapata, mwenye wajukuu tisa wanaomwita kambo, hakukipenda kitabu. Alikuwa na miaka kumi na tano mwaka ule. Anasema: "Masere huyu anawaza sana. Anamwaza Mungu, anawawaza masere weupe, anajiwaza yeye mwenyewe. Kisima kiko wapi? Unga ulitoka wapi siku ya tatu? Sisi tulipika bukari ya mihogo iliyokuwa ikinuka, usiku, ili moshi usionekane." Alipoambiwa mwandishi aliwahi kukaa kwa watawa, alicheka. "Ndiyo maana meza ya watawa anaijua, soko halijui." Tangu hapo, kila ukurasa ukisomwa, tunamtazama yeye kwanza. Akinyamaza, tunaendelea. Akisema "hapana", sombe inawekwa chini.

Msichana anayefanya kazi ya kutafsiri kwenye kompani moja ya kuchimba anaona tofauti kabisa. Ameandika kurasa mbili, na tunanukuu kidogo: "Masere weupe wanampenda lakini si mwenzao kabisa. Watu wa mtaa wanamwona ni wa wazungu. Mimi asubuhi wachimbaji wananiita mtu wa mabosi, mchana mabosi wanaongea mbele yangu kama mimi ni kiti. Nilipomsoma nilifunga mlango nikalia." Barua hii ilisomwa kikaoni na wengi wakanyamaza, hata wale waliosema kitabu kina maneno marefu. Sisi pia tuliguswa: mwalimu mwenye diploma ya pedagogi hapa mtaani anaijua kidogo hali hiyo, hasa mwisho wa mwezi, anapoazima chumvi kwa mzazi wa mtoto aliyempa pointi tatu juu ya kumi.

Mwingine anauliza: mwanaume alijuaje moyo wa masere? Wawili wakamjibu kwamba hakujua, alikisia, na alikisia vizuri. Wa tatu akasema masere aliyeandikwa na mwanamke angelalamika zaidi juu ya miguu.

Lakini barua kali kuliko zote ilitoka kwa mama ambaye mtoto wake anasoma kwetu. Anasema masere huyu hakuwako, kwa nini tunawapa watoto uongo na kuuita historia? Hapa inatupasa kusema wazi kosa letu. Darasani tuliwasomea wanafunzi kurasa mbili za Shaba deux, na kwa haraka ya kumaliza somo hatukuwaambia kwamba ni romani. Katika mtihani tukauliza: taja mambo matatu yaliyotokea Kolwezi mwezi wa Mei 1978. Mvulana mmoja akaandika Tigre, akaandika parashiti, na la tatu akamwandika Mère Marie-Gertrude, na maneno aliyoyasema kwenye sala. Tukamwekea sifuri kwa la tatu. Akaja na kaye yake mkononi, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ni wewe ulisema."

Tulimrudishia pointi yake, maana kosa lilikuwa letu. Kisha tukagawa ubao katikati. Upande mmoja tukaandika yale ambayo unaweza kuyapata hata ukikifunga kitabu: tarehe, mji, askari waliotoka wapi na kwa njia gani, jina la mkoa, kwamba masere walikuwako Kolwezi. Upande wa pili, yale ambayo ukikifunga kitabu yanakwenda nacho: Marie-Gertrude mwenyewe, kaye zake, sala yake ya usiku ule. Kazi ilienda vizuri mpaka msichana wa nyuma akauliza hofu tuiweke upande gani. Masere ni wa kubuniwa, akasema, lakini bibi yake anaogopa vilevile mpaka leo akisikia helikopta. Kengele ikalia, na tulishukuru kengele. Tukirudi darasani tutamwambia aiweke kwenye mstari wa katikati, na hatuna hakika kama ni jibu.

Kwa mama aliyeandika: una haki juu ya darasa. Juu ya kitabu hatukubaliani nawe, na sababu yetu ni jambo lililotokea siku ya nne iliyopita.

Kuna mama mmoja wa Luilu ambaye amekuja mara tatu bila kusema neno. Tulifikiri Kifaransa kinamchosha. Siku hiyo tulikuwa tumesoma ukurasa mmoja tu aliposema tusimame. Akasimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu chenji. Siku ya nne ya vita maji yaliisha ndani ya nyumba. Mume wake alichukua bido mbili akatoka kwa mlango wa nyuma. Watoto walikuwa watatu, mdogo alikuwa bado ananyonya. Mume hakurudi, wala bido, wala hakuna aliyekuja kusema amemwona, hai au amekufa. Mtoto wa kwanza leo ni mzee kuliko baba yake alivyokuwa. Kisha akakinyoshea kitabu kidole: "Huyu masere hakuwako, na ameandikwa. Mume wangu alikuwako."

Hakuna aliyejibu, nasi hatukujaribu. Baadaye nyumbani tulifungua vitabu vya historia tulivyo navyo. Watu weupe waliokufa Kolwezi wamehesabiwa kwa uangalifu, ni zaidi ya mia moja. Watu weusi wanasemwa kwa mamia, kwa makadirio, namba zinazoishia na sifuri. Filimu iliyojulikana sana juu ya siku hizo, La légion saute sur Kolwezi ya mwaka 1980, hata jina lake linakuonyesha inamfuata nani. Mudimbe angalau aliweka kalamu katika mkono wa mwanamke mweusi aliyebaki chini wakati wengine wanashuka kutoka angani. Ni masere, si mama wa bido mbili. Ila bila masere huyo, mama wa Luilu angekaa mara ya nne na ya tano bila kusema.

Tangu siku hiyo kuna mashindano ya maneno ambayo hayajaisha. Wengine wanataka tununue kaye kubwa, na kila mama aliyekuwako 1978 aandike au aandikiwe: alikuwa wapi, alikula nini, nani alitoka na hakurudi. Mama wa Kapata anapinga, na si kwa ubishi. Anakumbusha kwamba Tigre walipoondoka, askari wa serikali waliwashuku watu wengi kuwa waliwapokea. Wako walionyesha nyumba ya jirani kwa kidole. Watoto wa aliyeonyesha na watoto wa aliyechukuliwa leo wameoana, wanazika pamoja, wanakaa kiti kimoja kanisani. "Mkiandika majina," alisema, "nani atakuja kuyafuta?"

Tumefikiri juu ya neno hilo juma zima. Kwa upande wetu tunaona kaye iandikwe, lakini isikae kwa chama wala kwetu. Kila mama awe na yake, ndani ya sanduku lake, na majina ya waliokufa yaandikwe kwa kirefu. Majina ya walioonyesha kwa kidole aamue mwenyewe. Asiyejua kuandika amwite mjukuu, na mjukuu aandike kama anavyosikia, kwa Kiswahili chetu cha hapa, bila kukinyoosha. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa boi wa wazungu Élisabethville, aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha namna hiyo, na wenye elimu kubwa wanaisoma mpaka sasa. Asiyekubali atuandikie. Mama wa Luilu hakungoja shauri letu. Ameshanunua kaye, na binti yake wa mwisho, yule aliyekuwa akinyonya, ndiye anayeandika.

Matangazo madogo. Shaba deux kiko kwa mama anayeuza unga. Tafadhali asisumbuliwe kabla ya siku ya nne, na aliyetia alama ukurasa kwa kipande cha samaki mkavu anajulikana. Mwenye kopi nyingine, hata iliyochanika, atuazime, kwa sababu watu kumi na wanne kwa kitabu kimoja ni wengi. Na aliye na Kuli akirudishe: dereva anapanda tena Dar es Salaam mwisho wa mwezi, na anasema kitabu si chake.