Wizi wa Mtihani Hauitwi Msaada

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Kila unapokaribia mwezi wa Novemba, watoto wetu wa darasa la saba wakijiandaa kwa mtihani wa PLE, hapa Nakaloke na Mbale yote huanza minong'ono. Mzazi anamvuta mtu pembeni na kumuuliza, "Maalim, shule ile inasaidia?" Hakuna anayehitaji kufafanuliwa neno hilo. Kusaidia maana yake mwalimu apite kati ya madawati akinong'ona majibu, au karatasi zifunguliwe kabla ya saa yake, na wazazi wachangishwe pesa za kumfunga mdomo msimamizi. Sisi tunaofundisha madrasa tumeulizwa swali hilo mara nyingi. La kusikitisha zaidi, tumeulizwa msikitini, mtu akiwa bado ameshika tasbihi.

Tunasema wazi: huo si msaada, ni wizi. Lakini hatutaki kusema "haramu" kisha tukaondoka. Wanaoutetea wana hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Hoja yao ni hii. Mtoto atafaulu. Mzazi maskini aliyeuza magunia yake ya mchele atapata faraja. Shule itapata jina, na mwalimu atalipwa mshahara wake. Wote wamefaidika, nani kaumia? Tena wanaongeza kuwa shule za matajiri zina vitabu na walimu wa kutosha, basi sisi tukisaidiwa kidogo tunasawazisha tu.

Hoja hii ina wenyewe. Jeremy Bentham (1748-1832) na baada yake John Stuart Mill (1806-1873), wote wa Uingereza, walifundisha kuwa kitendo chema ni kile kinacholeta manufaa mengi kwa watu wengi. Na Uislamu haudharau manufaa. Wanazuoni wetu walizungumza juu ya maslaha karne nyingi kabla ya Waingereza hao. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kuwa sharia inalinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Lakini alitahadharisha kuwa maslaha si kila anachokitamani mtu, bali ni kile kinacholinda makusudio hayo ya sharia.

Basi na tuhesabu, ila tuhesabu wote.

1. Yuko mtoto wa jirani aliyesoma kwa kibatari na kujibu kwa akili yake. Nafasi katika shule nzuri ni chache na hutolewa kwa alama. Anayepandishwa kwa majibu ya kuibiwa anamshusha huyu. Naye mara nyingi ni maskini kama sisi. Tajiri hakupungukiwa kitu, basi tumesawazisha nini?

2. Yuko mtoto mwenyewe aliyesaidiwa. Anaingia sekondari na alama asizozistahiki, mwalimu anamwambia asome ukurasa mmoja, anatetemeka. Njia ya mwongo ni fupi.

3. Wako wenzake wasio na hatia. Bodi ya mitihani, UNEB, huzuia matokeo ya vituo vinavyoshukiwa, na wote wanasubiri pamoja. Sheria ya UNEB ya mwaka 2021 nayo inatishia kifungo cha hadi miaka 10 na faini ya hadi shilingi milioni 40.

4. Yuko mgonjwa wa kesho. Huyu aliyezoea kupewa majibu ndiye atakayekuwa muuguzi wa kumpimia mama yako dawa.

Kwa hiyo hata kwa mizani ya Bentham mwenyewe, wizi huu ni hasara. Waliosema "wote wamefaidika" walihesabu waliokuwa chumbani mwao tu.

Sasa tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba hesabu ingetoka na faida. Je, ingekuwa halali? Hapa ndipo panapokuja wajibu. Mjerumani Immanuel Kant (1724-1804) aliandika mwaka 1785 kuwa kabla ya kutenda jambo ujiulize: ningependa kila mtu afanye hivi? Jaribuni swali hilo. Kila shule ikiiba, cheti kinakuwa karatasi ya kufungia karanga, na aliyeiba hapati alichokifuata. Mwizi wa mtihani anategemea wengine wawe waaminifu. Anataka sheria iwe ya wote isipokuwa yeye.

Na sisi hatukumngoja Kant. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaamrisha waumini wasimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao, awe mtu ni tajiri au fukara. Umaskini wetu umetajwa humo humo, wala haukufanywa udhuru. Na katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani kumelowa. Alimuuliza mwenye chakula kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Hakumuuliza ana watoto wangapi wa kulisha. Cheti cha wizi ni rundo hilo hilo, kavu juu, bichi ndani.

Atatokea mtu aseme, "Basi nyinyi ni watu wa wajibu tu, hamna huruma." Sivyo. Kant mwaka 1797 alishikilia kuwa hufai kusema uongo hata kwa muuaji anayemtafuta rafiki yako uliyemficha nyumbani. Uislamu haukufika huko. Imepokewa kwa Ummu Kulthum bint Uqba kuwa anayesuluhisha watu kwa maneno mema hahesabiwi mwongo. Jirani wawili wamegombana, ukamwambia mmoja kuwa mwenzake amemtaja kwa wema, hapo hukumnyang'anya mtu haki yake, na ruhusa imetoka kwa sharia. Msaada wa mtihani unachukua haki ya mtu, na ruhusa yake imetoka mfukoni mwa mzazi.

Hapa tujikosoe. Msaada wa Novemba ni deni la Februari. Sisi walimu tunachelewa darasani, hatusahihishi madaftari. Wazazi mnamtoa mtoto shule akafukuze ndege katika mashamba ya mpunga, na ada mnalipa kwa kusukumwa. Wajibu tulioukimbia mwaka mzima tunataka kuulipa kwa siku mbili za wizi.

Mzazi mmoja alitujia akiwa ameshatoa mchango bila kujua ni wa nini. Alipojua, alikosa usingizi. Akisema, mwanawe ataonewa, na akinyamaza, ameshiriki. Tulimshauri aende kwanza kwa mkuu wa shule kabla ya siku ya mtihani, adai pesa zake na aseme mwanawe asipewe jibu, na wakiendelea aifikishe habari kwa ofisi ya elimu ya wilaya. Alikwenda, miguu ikitetemeka. Mwanawe alifanya kwa uwezo wake, na alama hazikuwa za kushangiliwa. Lakini leo baba anaitazama karatasi ile bila kuinamisha macho.

Basi wazazi, badilisheni swali. Badala ya "Shule inasaidia?" ulizeni "Shule inafundisha?" na mfungue daftari la mtoto kila Ijumaa. Walimu wenzetu, tukatae pesa hizo hata kama mshahara umechelewa. Nanyi wanafunzi, mwalimu mnamtii, lakini hakuna utii katika kumuasi Mola. Ukinong'onezwa jibu, andika lako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atupe sisi ujasiri wa kuwa wa kwanza kutenda tunayoyasema. Amin.

Wabillahi tawfiq.